Kambarage: jina lililobaki herufi moja

Baba wa Taifa la Tanzania alikuwa na majina matatu. Julius alilichukua siku ya ubatizo, akiwa tayari mtu mzima. Nyerere lilikuwa jina la baba yake mzazi. Kambarage ndilo pekee alilopewa yeye mwenyewe akiwa mtoto mchanga, na ndilo ambalo sisi tuliobaki tumelitumia kwa uchache kuliko yote. Katika maandishi mengi limefupishwa likawa K. na nukta. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam unaitwa Julius Nyerere, na bwawa la kuzalisha umeme la mto Rufiji, la megawati 2,115, nalo ni Julius Nyerere. Hifadhi iliyomegwa kutoka Pori la Selous mwaka 2019 ni ya Nyerere, na daraja la Kigamboni ni la Nyerere. Hata Maputo, barabara yao imeandikwa Julius Nyerere. Kambarage utalikuta kwenye uwanja wa mpira wa Shinyanga na kwenye vibao vya shule kadhaa.

Kama jina la kwanza la mtoto wa kiume, ni adimu. Mwalimu nje ya mkoa wa Mara anaweza kuita mahudhurio miaka nenda rudi, akawaita akina Julius na hata akina Nyerere, asimpate Kambarage mmoja. Kila Oktoba 14, kumbukumbu ya kifo chake, inapofika wapo wanaosikitika kwamba jina hili linapotea, nao wapo wanaosema liachwe lilipo, kwani si kila jina ni la kila mtu. Pande zote mbili zina hoja nzito kuliko zinavyosikika kwa haraka.

Tuanze na lilikotoka. Nyerere alizaliwa Butiama, katika mkoa wa Mara wa leo, Aprili 1922, majira ya masika. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano wa Mtemi Nyerere Burito, aliyeoa wake 22. Mtoto aliitwa kwanza Mugendi, ambalo kwa Kizanaki, lugha ya kabila lake, ni mtembezi au mwenda safari. Jina hilo halikukaa. Mtabiri, ambaye Wazanaki humwita omugabhu, alishauri libadilishwe, na mtoto akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Mzimu huyo ni wa kike, lakini jina lilitua juu ya mtoto wa kiume na hakuna aliyeona ajabu, maana lililotazamwa ni mvua na ulinzi wa mtoto. Baba yake mwenyewe alipata jina kwa njia inayofanana na hiyo: alizaliwa wakati viwavi wamevamia nchi, akaitwa Nyerere, kiwavi. Leo hilo tunalisoma kwenye madaraja na viwanja vya ndege bila kukumbuka kwamba lilianza kama kumbukumbu ya janga shambani.

Majina ya mvua si haba katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria. Wasukuma wana Mabula kwa mvulana na Kabula kwa msichana. Wajaluo wana Okoth na Akoth, Waluhya wana Wafula na Nafula. Hayo yote ni ya kawaida kabisa, hata mtu wa Dodoma au wa Mombasa hayashangai. Kwa nini basi Kambarage halikuenea hivyo? Naona sababu ya kwanza ni namna linavyotolewa. Okoth au Mabula ni jina la hali: mtoto akizaliwa mvua inanyesha, jina linamsubiri, na mvua hainyeshi kwa mtoto mmoja. Kambarage ni jina la mzimu fulani, tena lilitolewa kwa ushauri uliomhusu mtoto fulani. Halafu Wazanaki wenyewe ni kabila dogo, na Kizanaki hakijapata kuwa lugha ya biashara wala ya mji mkubwa. Jina la Kisukuma hubebwa na mamilioni ya Wasukuma popote waendako. Hili halikuwa na wabebaji wengi tangu mwanzo.

Lakini ipo sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Kwa utaratibu wetu wa majina, ule unaoujaza hata kwenye fomu ya kitambulisho cha taifa, mtoto hubeba jina lake, la baba, kisha la babu. Ndiyo maana yeye aliitwa Kambarage Nyerere, yaani Kambarage mwana wa Nyerere. Kwa utaratibu huohuo wanawe wangekuwa Makongoro Kambarage na Madaraka Kambarage. Jina lingeshuka kizazi kimoja chini, na wajukuu wangelibeba kama la babu. Haikuwa hivyo. Nyerere liligeuka jina la ukoo kwa mtindo wa Kizungu, watoto wote wakalichukua, na Kambarage likakosa mlango wa kupitia. Kiwavi akapata wajukuu na vitukuu; mzimu wa mvua akaishia kwa mtu mmoja.

Kinachonigusa ni kwamba Mwalimu mwenyewe hakuyadharau majina ya nyumbani. Watoto wake kila mmoja ana jina la ubatizo na jina la hapa kwetu. Mkubwa ni Andrew Burito, amebeba la babu wa baba yake. Wamo Charles Makongoro na Godfrey Madaraka, na yumo Rosemary Huria, aliyezaliwa taifa likiwa katika vuguvugu la uhuru. Na jamii imewaitaje? Ni Makongoro na Madaraka, si Charles na Godfrey. Kwa wana, jina la nyumbani lilishinda, na kwa baba lilishindwa. Alibatizwa Desemba 1943, na tangu hapo Julius likatangulia: Makerere, Edinburgh, TANU, Umoja wa Mataifa. Baadaye aliwahi kusema kwamba ni jambo la kipuuzi Mkatoliki kulazimika kuchukua jina lisilo la kabila lake anapobatizwa. Maneno hayo hayakutoka kwa mtu aliyeikimbia imani, maana alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa mpaka mwisho wa maisha yake. Ndiyo maana nayapa uzito.

Wanaolikataa jina hili kwa sababu ya dini wana swali la haki. Mzazi Mkristo anayemwita mwanawe kwa jina la mzimu anasema nini mbele ya madhabahu? Mzazi Mwislamu naye anafundishwa kwamba jina jema ni haki ya mtoto juu ya mzazi wake, na si rahisi kumshawishi kwamba jina la mzimu ni jema. Zamani Kanisa Katoliki lilikuwa kali. Sheria yake ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapata jina la Kikristo, na wazazi wakikataa aliongeze yeye. Sheria ya mwaka 1983 imelegeza, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Je, Kambarage ni geni kwa hisia hizo?

Jibu nadhani lipo ng'ambo ya ziwa lilelile. Kwa Waganda, Mukasa ni mungu wa ziwa, mkubwa kati ya miungu yao ya jadi. Mkatoliki wa kwanza kati ya mashahidi wa Uganda kuuawa, Novemba 1885, anaitwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, na Kanisa lilimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake mwaka 1964 bila kulifuta hilo Mukasa. Kiwanuka naye ni mungu wa radi. Lakini Joseph Kiwanuka ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kuwekwa wakfu askofu Mkatoliki, mwaka 1939, akaliongoza jimbo la Masaka. Kama jina la mungu wa radi lilivaa kofia ya uaskofu, sioni vipi la mzimu wa mvua lishindwe kusogea kisimani kwa ubatizo.

Mpinzani makini atanijibu hapo, na jibu lake lina mashiko. Mukasa na Kiwanuka yalishabebwa na watu vizazi na vizazi katika koo za Buganda. Anayeitwa Mukasa leo amepewa jina la babu yake tu. Kambarage halijapitia njia hiyo, kwa hiyo bado lipo karibu na asili yake. Hilo nakubali. Ila naona linaniongezea hoja badala ya kuipunguza: jina hupoa kwa kubebwa, na tukingoja lipoe kwanza ndipo tulibebe, halitabebwa kamwe.

Pingamizi linalonisumbua zaidi si la dini. Ni la wale wanaosema kwamba kumwita mtoto Kambarage ukiwa Mbeya au Tanga, hukuzaliwa Mzanaki na hakukunyesha, ni kuchukua jina na kuacha utaratibu uliolizaa. Kule Butiama jina lilijibu tukio na mashauriano. Ukilichukua kwa sababu tu lilikuwa la rais, unamtukuza mtu na si desturi ile. Pia unamtwika mtoto mzigo: kila mwalimu na kila bosi atamuuliza kama ana undugu na Mwalimu, na kila kosa lake litapimwa kwa kipimo cha mtu aliyeongoza nchi zaidi ya miaka 20. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2008, Kisumu walizaliwa akina Barack kadhaa. Sasa ni vijana, na nadhani wamechoka kuulizwa.

Kwa Mzanaki, na kwa watu wa Mara kwa jumla, sioni pingamizi hili likisimama. Ni jina la nyumbani, na kuliacha kwa sababu mtu mmoja aliyelibeba alikuwa mkubwa mno ni kumnyang'anya mtoto haki yake ili kumheshimu marehemu. Kwa wengine wetu ningesita. Anayetaka kumuenzi Mwalimu kwa jina anaweza kufanya alichofanya yeye kwa wanawe: akatafuta katika lugha yake jina la babu au la majira aliyozaliwa mtoto, akalitanguliza. Hiyo kwangu ni heshima kubwa kuliko kunakili. Lakini siwezi kumlaumu baba wa Tanga ambaye mwanawe alizaliwa siku ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, akaona jina linalomfaa ni hilo. Huyo amefuata mantiki ile ile ya Butiama.

Lisilofaa ni serikali kuliingilia jambo hili. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo Zaire, naye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré. Watu walitii kwenye karatasi, na utawala ule ulipolegea majina ya ubatizo yakarudi kwa wingi, hasa kwa sababu yalikuwa yamekatazwa. Nyerere hakuwahi kumlazimisha Mtanzania kubadili jina, na katika hilo alikuwa na hekima.

Sasa kuna jambo linalolifanya suala hili liwe la karibu. Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza Nyerere mtakatifu, na tangu mwaka 2005 anaitwa Mtumishi wa Mungu, hatua ya kwanza ya safari hiyo. Mchakato huo ukifika mwisho, jina litakalosomwa altareni linaweza kuwa Julius peke yake, na maparokia yatajaa akina Julius, jina ambalo tayari lina watakatifu wake tangu zama za Roma. Linaweza pia kusomwa kamili, kama lilivyosomwa la Kizito, kijana mdogo kati ya mashahidi wa Uganda. Jina lake la Kiganda leo wanabatiziwa watoto Kenya na Tanzania, tena na wazazi wasiojua neno moja la Kiganda. Uamuzi huo hautangoja Roma peke yake. Wanaoandaa sala, picha na vitabu vya novena huko Musoma wanaweza kuanza sasa kuliandika jina lote, herufi zake tisa, mahali pa ile K.