Jeraha la mafuriko: kwa nini halishonwi siku ileile

Mvua kubwa ikipiga Mwanza, mto Mirongo ukafurika au jiwe likaporomoka mlimani na kuangukia nyumba, lawama husikika nje ya wodi: "Wamemwosha tu wakamfunga bandeji, hata kumshona hawakumshona." Ndugu huona uzembe. Mara nyingi hapo ndipo kazi imefanywa sawasawa.

Tope huingia jerahani pamoja na maji ya vyoo, vipande vya mbao na kutu ya mabati, na nyama iliyopondwa hufa kwa kukosa damu. Ukishona juu yake, umevifungia vijidudu mahali pasipo na hewa, na vile vya pepopunda na vya kuozesha misuli hustawi hapohapo. Ndiyo maana jeraha huoshwa kwa lita kadhaa za maji safi au dripu ya chumvi (ya ziwani hayafai, hata yakionekana safi), nyama iliyokufa hukatwa mpaka inayobaki itoke damu, gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) huwekwa bila kushindiliwa, kisha hufunguliwa kati ya siku ya pili na ya tano. Pakiwa safi, hushonwa. Antibayotiki haifiki penye nyama isiyo na damu, kwa hiyo haichukui nafasi ya kuosha na kukata.

Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, Aceh huko Indonesia ilikuwa na wagonjwa 106 wa pepopunda; 20 walifariki. Wengi waliugua takriban wiki mbili na nusu baadaye. Muda huo misaada imepungua, mtu yuko kwake, mchubuko wa mguu ameshausahau, na taya ndiyo linaanza kukaza. Huku kwetu mama huchanjwa kliniki ya wajawazito. Mwanamume mzima, mvuvi au mponda kokoto, huenda hajachomwa sindano hiyo tangu utotoni, na ndiye anayefukua vifusi.

Wanaotaka kushona mapema wana hoja. Jeraha wazi kwenye wodi iliyofurika huokota vijidudu sugu kutoka mikononi mwa wahudumu, na mgonjwa wa kisiwa cha Ukara akikosa nauli ya boti hatarudi siku ya nne. Majeraha ya uso, penye damu nyingi, kweli hushonwa mapema. Lakini matatizo hayo mengine yanadai mikono ioshwe na zahanati za visiwani zipewe gozi na nyuzi. Hayahalalishi kushonea tope ndani. Tarehe ya kufungua iandikwe kwenye cheti, na ndugu waambiwe waziwazi: homa, harufu ya kuoza, uvimbe unaopanda, au ngozi inayotoa mlio ikibonyezwa, arudishwe usiku huohuo.