Maua ya Tabora Hayasubiri Vifaa vya Dukani

Msichana mmoja wa jirani yetu hapa Tabora, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana na anayependa sana kazi za mikono, alinijia jioni moja akiwa na karatasi iliyoandikwa pande zote mbili. Ilikuwa orodha ya vifaa vya kutengenezea picha za maua makavu, aliyoinakili kutoka kwenye video: kibanio cha mbao chenye skrubu nne, karatasi maalumu ya kufyonza maji, kibano cha chuma, rezini ya kumimina, ile ya majimaji inayoganda kama kioo, na fremu za vioo viwili. Alikuwa amezunguka madukani kuuliza bei, akakuta vingi havipo na vilivyopo havishikiki. "Shikamoo, mama," alisema, "hii kazi nimeona ni ya wenye nacho." Nilimwitikia, nikamkaribisha kiti, nikamwomba aiweke ile orodha pembeni mpaka atakapokuwa amekausha ua lake la kwanza.

Nimekuwa nikibana maua kwa miaka tisa, na ninaamini kwamba orodha za namna hiyo zinawafukuza watu kwenye sanaa ambayo kwa asili yake haina gharama. Kubana ua maana yake ni kulitoa maji upesi huku likiwa limelala bapa. Maji yakichelewa kutoka, mambo mawili hutokea: ukungu huota, na vimeng'enya vilivyomo ndani ya ua hufanya kazi yake mpaka petali zinageuka kahawia, kama tufaha lililokatwa na kuachwa mezani. Kibanio cha skrubu hakizuii hayo kuliko tofali. Kinachoyazuia ni karatasi kavu na hewa kavu, na hewa kavu sisi wa Tabora tumejaliwa bila kuilipia.

Mji wetu uko juu ya uwanda wa mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ni kama haipo kabisa. Ifikapo Agosti midomo inapasuka na nguo tulizoanika asubuhi tunazianua kabla ya chai ya saa nne. Maelekezo mengi husema ua likae kitabuni wiki mbili hadi nne, na mtu anayeyafuata bila kutazama hali ya hewa ya kwake hupoteza muda bure. Kwangu, bogenvilia iliyobanwa mwezi wa Agosti huwa tayari kwa siku sita au saba. Ndugu zetu wa Kigoma, walio kando ya Ziwa Tanganyika, wana hewa yenye unyevu zaidi na itawabidi wavumilie kidogo, lakini hata wao hawana sababu ya kununua mashine.

Vifaa vyangu ni hivi. Nina vipande viwili vya katoni nilivyovikata kwa kisu, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa daftari kubwa. Nina madaftari ya zamani ya wanangu, yale ya karatasi nyepesi isiyong'aa. Na nina matofali matatu ya kuchoma niliyoyafunga kwa gazeti ili yasiache vumbi jekundu. Katoni naichagua ile yenye mawimbi ndani, kwa sababu matundu yake hupitisha hewa na kuutoa unyevu pembeni. Magazeti hufyonza vizuri sana, ila wino wake huhamia kwenye petali nyeupe, kwa hiyo kati ya gazeti na ua naweka karatasi tupu. Karatasi ya msalani watu huisifu, nami niliitumia mwanzoni, mpaka nilipofunua ua la alizeti nikakuta petali zote zimepigwa chapa ya vidoto vya ile karatasi. Vidoto hivyo havitoki. Mzigo wote naupandisha juu ya kabati, mbali na dirisha, kwa kuwa jua hukausha haraka lakini hula rangi.

Kuhusu rangi ninaomba msomaji anivumilie, kwa maana hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Rangi za njano na za machungwa katika maua mengi hutokana na kemikali za rangi ziitwazo karotenoidi, na hizo hudumu. Nyekundu, zambarau na buluu kwa kawaida hutokana na kemikali nyingine, anthosiani, ambazo hubadilika kadiri ua linavyokauka na hupauka zikikaa kwenye mwanga. Ndiyo maana petali za alizeti nilizozibandika miaka minne iliyopita bado zinang'aa, ilhali maua ya mkrismasi ya mwaka huohuo yameshuka kutoka wekundu wa moto hadi rangi ya tofali. Binafsi rangi hiyo ya tofali naipenda, lakini anayetengeneza picha ni vizuri ajue mapema itakavyokuwa. Maua meupe yenye petali nene, kama msanapiti, hugeuka kahawia karibu kila mara, na waridi zima halibaniki. Lipukutishe, ubane petali mojamoja, kisha ulijenge upya kwenye karatasi.

Ua la kuanzia, kwa maoni yangu, ni bogenvilia. Tunaiona kila uani, inapogolewa na kutupwa kwa mafungu, na wengi hatujawahi kuitazama kwa karibu. Ukichukua kitawi kimoja utaona kwamba kile tunachokiita ua ni majani matatu yaliyogeuka rangi, na maua yenyewe ni vile vijibomba vyembamba vinavyochomoza katikati na kufunguka juu kama vinyota vyeupe. Majani hayo hayana maji mengi. Ukiyainua kwenye mwanga unaona mishipa yake yote, na ukiyagusa yanasikika kama karatasi hata kabla hujayabana. Toa vijibomba vya katikati, kwa sababu ndivyo vyenye unyevu na hufanya vivimbe, kisha yalaze majani bila kugusana. Chuma kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi, umande ukishakauka na jua likiwa bado halijayachosha.

Mwezi wa Septemba na Oktoba kuna zawadi nyingine, ambayo sijaiona katika maelekezo yoyote ya mtandaoni, na siyalaumu kwa hilo, kwa kuwa walioyaandika hawaishi kwenye pori la miyombo. Kabla mvua ya kwanza haijanyesha, miti ya miyombo na mitundu huchipua majani machanga yenye rangi ya shaba, mengine mekundu kabisa, na pori zima linaonekana kama linawaka. Majani hayo ni laini, yana vijani vidogo vilivyopangwa wawiliwawili kwenye kikonyo kimoja, na yakibanwa siku ileile hubaki na wekundu uliokolea. Wakati huohuo mninga huchanua maua yake ya njano yenye harufu tamu. Petali za mninga zimekunjamana kama kitambaa kilicholaliwa. Zinyooshe taratibu kwa ncha ya kijiti cha meno kabla hujafunika. Kitu kimoja nasisitiza: chukua vilivyoanguka chini na vile vya mti ulio kwenye eneo lako au la mtu aliyekupa ruhusa. Ndani ya hifadhi hatuchumi chochote.

Sasa nifike kwenye tumbaku, ambayo imenifundisha kuliko maua mengine yote. Mkoa wetu ni wa tumbaku, na kila mkulima anajua kwamba mmea ukianza kuchanua sharti kichwa cha maua kivunjwe ili nguvu ziende kwenye majani. Vichwa hivyo hutupwa chini kati ya matuta. Nilipita shambani kwa shemeji yangu mwezi wa Februari, nikaona maua ya waridi hafifu yamelala kwenye tope, nikasikitika kama mtu aliyeona chakula kimemwagwa. Nilijaza kapu. Nyumbani niliyapanga kwenye daftari kama nilivyozoea wakati wa kiangazi, nikaweka matofali, nikasubiri siku saba. Nilipofunua, kurasa zilikuwa zimegandana, maua yameota manyoya ya kijivu, na harufu yake sitaisahau. Nilikuwa nimeahidi kadi thelathini za harusi ya mpwa wangu kwa kutumia maua hayo. Ilinibidi nimwombe radhi dada yangu, na kadi zikachapwa kwenye duka la steshenari kwa fedha ambayo hawakuwa wameipangia.

Nilikosea mambo mawili. Kwanza, ua la tumbaku ni bomba refu, na bomba likibanwa zima hufungia maji ndani. Sasa nalipasua kwa wembe kutoka chini hadi juu, nalifungua kama ganda la karanga, natoa vile vijiti vya chavua, halafu nalaza bomba likiwa wazi na zile ncha tano zimetandazwa. Likikauka hivyo huonekana kama gauni dogo lililoanikwa. Pili, masika hayataki uvivu. Karatasi lazima zibadilishwe kila siku kwa siku nne za mwanzo, na karatasi inayoingia iwe kavu kweli. Mimi huzipasha zile karatasi tupu, si maua, juu ya waya wa kuanikia uliowekwa kando ya jiko la mkaa lililoanza kufifia, mpaka ziwe na uvuguvugu na zilie kama kaukau ukizikunja. Petali chache za haraka unaweza kuzikausha kwa pasi ya umeme isiyo na mvuke, kwa moto mdogo, zikiwa kati ya karatasi mbili, ukibonyeza kwa sekunde kumi na kuinua ili ipoe kabla ya kubonyeza tena. Pasi ya mkaa siishauri. Jivu moja tu likidondoka kazi imeharibika. Na anayekwenda kuokota tumbaku asiende asubuhi mbichi na watoto, kwa sababu nikotini ya jani lenye umande hupita kwenye ngozi na kumletea mtu kichefuchefu. Vaa mifuko mikononi, na ukimaliza nawa kwa sabuni.

Kwenye kubandika ndipo naona inafaa kutumia fedha kidogo. Nimejaribu uji wa unga wa ngano, kama tulivyokuwa tukibandikia madaftari zamani, nao hushika vizuri. Lakini wadudu huupenda, na picha mbili zangu zililiwa kutoka nyuma. Tangu hapo nanunua gundi nyeupe ya kopo dogo, naichanganya na maji kidogo, naipaka kwa ncha ya unyoya wa kuku katikati ya petali tu. Ukiipaka mpaka ukingoni itavuja na kuacha mng'ao. Petali naziinua kwa ncha ya kijiti iliyolowanishwa kidogo mno, maana vidole huzivunja. Karatasi ya manila hutosha kwa kadi. Kwa picha ya ukutani nimepata vipande vya kioo kwa fundi vioo, masalio ya madirisha ambayo aliniuzia kwa shilingi 1,000 kila kimoja baada ya kuyasawazisha kingo, na fundi seremala wa mtaani alinitengenezea fremu kwa mabaki ya mninga. Kioo ni cha lazima kwa picha ya kudumu, kwa kuwa huzuia vumbi na wadudu, na bila hicho kazi yote ni ya msimu mmoja. Rezini siitumii, ni ghali, inahitaji chumba chenye hewa ya kutosha, na sioni inaongeza nini kwenye ua ambalo tayari ni zuri.

Kuna wanaoniambia kwamba karatasi na tofali ni njia ya kimasikini na kwamba kazi yake haidumu. Huwajibu kwa jambo lililotokea hapahapa. Mwaka 1861 msafara wa John Hanning Speke na James Augustus Grant, uliokuwa ukitafuta chanzo cha Mto Nile, ulikaa Kaze, mahali ambapo leo ni Tabora. Grant alikusanya mimea safarini, akaikausha kwa kuibana katika karatasi. Mimea hiyo ilifika Kew, bustani ya mimea ya London, na kuanzia 1872 Linnean Society, chama cha wanasayansi wa viumbe, ikachapisha maelezo yake. Mimea iliyokaushwa kwa njia hiyohiyo inatunzwa pia Arusha, katika hazina ya kitaifa ya mimea mikavu, na wataalamu bado wanaisoma. Mimea hiyo inadumu kwa sababu ilikauka vizuri, na imewekwa mbali na mwanga na wadudu. Jambo moja la wataalamu hao nimeliiga: nyuma ya kila picha naandika jina la mmea, mahali na tarehe. Naandika "mtundu" na "muba", miti ya pori letu la miyombo, kama wazee wanavyotaja, kwa sababu watoto wengi wa mjini wanaijua bogenvilia lakini hawajui muba ukoje, na inaniuma.

Yule msichana alirudi baada ya siku nane na daftari lake la hesabu la kidato cha pili, limefungwa kwa utepe wa gunia. Tulilifunua mezani pamoja. Majani kumi na tisa ya bogenvilia yalikuwa makavu na rangi yake imetulia, na kwenye kila ukurasa alikuwa ameandika nyumba aliyochuma na siku. Matano yalikuwa na ukingo wa kahawia. Nilitaka kumweleza, lakini akaniwahi: "Haya nilichuma saa moja, mama, yakiwa na umande." Aliyatenga upande wake, akahesabu yaliyobaki, na akaniuliza kama majani ya mitundu kwenye barabara ya kwao yalikuwa bado hayajakomaa. Nilimwambia yamebakiza kama wiki moja. Akasema kesho atapita saa nne.