Nzige wa Kyuso walizaliwa kwa watu wengine

Mjomba wangu analima ndengu na mtama karibu na Kyuso, Mwingi Kaskazini, kaunti ya Kitui. Januari 2020 ndengu zake (wenzetu wa Tanzania huziita choroko) zilikuwa karibu kuvunwa. Mvua za vuli zilikuwa zimemwagika kupita kawaida, maganda yamejaa, na karo ya muhula ilikuwa inangoja shambani humo. Mchana mmoja akaona upande wa mashariki kitu kama moshi wa mtu anayechoma kichaka. Moshi ukazidi kusogea, ukawa unametameta, kisha ukaanza kutoa sauti.

"Nilidhani ni mvua inapiga mabati," aliniambia. "Nikainua macho, jua linawaka."

Nilifika siku mbili baadaye. Nzige walikuwa wa rangi ya waridi, hawafanani kabisa na panzi tuliozoea kuwakimbiza utotoni. Nilimkamata mmoja. Miguu ya nyuma ina vimiba vinavyokwaruza ngozi, na taya zake hazikukoma kutafuna hata nilipombana kati ya vidole. Matawi ya mgunga ulio nyuma ya nyumba yalikuwa yameinama kwa uzito wao. Watoto wanapiga madebe na sufuria, vijana wa boda boda wanazunguka kingo za shamba wakipiga honi. Nzige wanaruka, wanazunguka juu kidogo, wanatua kwa jirani. Jirani naye ana madebe yake. Anapiga, wanaruka, wanarudi kwetu. Mchana kutwa tulikuwa tukirudishiana nzige na mtu tunayesali naye kanisa moja, na ilipofika jioni mashamba yote mawili yalikuwa mabua matupu.

Picha hiyo haijanitoka. Kila ninaposikia viongozi wa dunia wakisema kila nchi ilinde chake kwanza, nawaona wale watoto na madebe yao.

Usiku huo mjomba aliniuliza swali moja tu: "Hawa hawakuzaliwa hapa. Wametoka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda kulitafuta, na nililolikuta limebadilisha namna ninavyoutazama ulimwengu.

Walitoka mbali mno. Mei 2018 kimbunga Mekunu kilipiga pwani ya kusini ya Oman, karibu na Salalah, kikaingia bara hadi Rub' al-Khali, lile jangwa kubwa linalogawanywa na Saudi Arabia, Oman, Yemen na Falme za Kiarabu. Mahali ambapo mvua huweza kukosekana miaka mingi pakatokea maziwa kati ya vilima vya mchanga. Oktoba mwaka huohuo kikaja kimbunga kingine, Luban. Mchanga ukabaki na unyevu, majani yakaota, na nzige, ambao jike lake hutaga mayai ardhini kwa mafungu, wakazaana vizazi vitatu mfululizo. Katika mazingira mazuri kizazi kimoja cha nzige wa jangwani huweza kuwa mara 20 ya kilichotangulia. Vizazi vitatu ni mara 8,000. Na yote hayo yalitokea mahali pasipo na kijiji, barabara wala mtu wa kuyaona.

Mwaka 2019 wakaingia Yemen. Nchi hiyo ilikuwa vitani tangu 2014, na mtaalamu wa nzige hawezi kuzunguka mabonde kwa gari akitafuta tunutu, yaani nzige wachanga wasio na mabawa, wakati barabara ina mabomu na kila upande una watu wake wenye bunduki. Hatua ya tunutu ndiyo ya kuwawahi, kwa kuwa bado wanatembea kwa miguu. Wakishapata mabawa wanaweza kwenda hadi kilomita 150 kwa siku. Kutoka Yemen wakavuka bahari hadi Somalia na Ethiopia, na huko nako wakakuta mvua kubwa, kwa sababu mwaka huo upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa umepata joto kuliko kawaida. Mwisho wa Desemba makundi ya kwanza yakaingia Mandera. Kisha Wajir, Marsabit, Isiolo, Samburu, Meru, mpaka kwa mjomba.

Waliletwa na kaskazi, ule upepo uleule uliokuwa ukiyasukuma majahazi ya Oman na Hadhramaut mpaka Lamu, Mombasa na Unguja. Babu zetu wa pwani walijua kuwa mambo ya Uarabuni yana safari ya kufika kwetu, na walihesabu miezi kwa safari hiyo. Sisi tunaotazama ramani zenye mipaka ya rangi ndio tuliosahau.

Kenya haikuwa imeona kitu kama hicho kwa miaka 70. Kaskazini mashariki lilipimwa kundi moja lenye upana wa kilomita 40 na urefu wa kilomita 60. Kundi la kilomita moja ya mraba tu hula kwa siku chakula cha kutosha watu 35,000. Piga hesabu mwenyewe. Februari 2020 Somalia ilitangaza hali ya dharura, Uganda ikapeleka wanajeshi Karamoja wakiwa na mabomba ya dawa mgongoni, na mwaka uliofuata nzige wakafika Longido na Simanjiro, Tanzania.

Linaloniuma zaidi ni kwamba ushirikiano wa kuzuia jambo hili ulikuwepo tayari. Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani Afrika Mashariki, DLCO-EA, liliundwa mwaka 1962, nchi nyingi za eneo hili zikiwa ndiyo kwanza zinapata uhuru au bado zinaungoja. Makao yake makuu yako Addis Ababa. Wanachama wake ni Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia, Somalia, Sudan, Sudan Kusini, Eritrea na Djibouti. Waasisi walielewa kuwa nzige hana pasipoti. Lakini miaka ikapita bila makundi makubwa, nzige wakawa hadithi za wazee, na ada za wanachama zikaanza kucheleweshwa na kulimbikizwa. Ndege zikazeeka. Wataalamu wakastaafu bila kurithiwa. Makundi yalipofika, shirika lile halikuwa na nguvu za kuyakabili.

FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lina ofisi Roma inayofuatilia nzige wa jangwani siku zote, likipokea taarifa za maafisa wanaozunguka majangwani kutoka Mauritania hadi India. Tahadhari zilitolewa mapema. Januari 2020 likaomba takriban dola milioni 70 kwa ajili ya Pembe ya Afrika. Fedha zikaja kidogo kidogo, nzige wakaja wote. Kabla Februari haijaisha, ombi lilikuwa limefika dola milioni 138. Mei, Benki ya Dunia ikaidhinisha mpango wa dola milioni 500. Na kabla ya hapo korona ilikuwa imekwishaingia, ndege za mizigo zimepungua, dawa zinachelewa kufika.

Tungekuwa tumejifunza. Afrika Magharibi ilipitia hayohayo miaka ya 2003 hadi 2005. Ombi la mapema la 2004 lilikuwa dola milioni 9, wafadhili wakasitasita, miezi michache baadaye likawa milioni 100, na mwisho wa yote gharama ilivuka milioni 400. Hizo ni fedha za kupambana na nzige. Mkulima wa Niger aliyeuza mbuzi wake wa mwisho ili anunue mtama, hasara yake haimo katika hesabu hiyo.

Nasema hivi bila kumung'unya: ushirikiano wa kimataifa unaotufaa ni ule wa miaka mikavu, wakati hakuna nzige, hakuna kamera, na waziri wa fedha anaona ada ya Addis Ababa ni kitu cha kukata. Ni mshahara wa afisa mmoja anayekagua bonde tupu na kuandika "hakuna kitu", mwaka hadi mwaka. Mikutano mikubwa yenye picha za pamoja siipingi, lakini nzige wa Kyuso wangezuiliwa na yule afisa na gari lake, na amani ya kutosha ya kumpitisha.

Neno amani silitumii kama pambo. Mpaka 2020 vita vya Yemen kwangu vilikuwa habari za saa mbili usiku, jambo la kuhuzunisha la watu wa mbali. Sasa najua kwamba shamba la mjomba wangu lilikuwa na haja na amani ya Yemen sawasawa na ilivyokuwa na haja na mvua. Wanaouza silaha huko, na wanaoketi katika meza za usuluhishi na kuondoka bila jibu, wanagusa ndengu za Kitui.

Watakaosema nchi zenye uhasama haziwezi kushirikiana, nawaomba wawatazame India na Pakistan. Nchi hizo zimepigana vita zaidi ya kimoja. Hata hivyo kwa miongo kadhaa maafisa wao wa nzige walikuwa wakikutana mpakani katika msimu wa nzige, Munabao upande wa Rajasthan na Khokhrapar upande wa Sindh, wakipeana taarifa za nini kimeonekana wapi. Haikuwafanya marafiki. Iliwapa wakulima wa pande zote mbili siku chache za kujiandaa, na siku chache kwa nzige ni kitu kikubwa.

Nisije nikaeleweka kwamba kila msaada ulikuwa baraka. Ndege zilipokuja kunyunyiza dawa Mwingi ziliokoa mengi, na nchi zilizoathirika zilitibu zaidi ya hekta milioni 2 kwa jumla, kazi kubwa iliyozuia njaa mbaya zaidi. Ila Mwingi ni nchi ya asali. Mjomba ana mizinga kumi na miwili mitini, na anasema baada ya dawa mizinga mitano ilinyamaza. Hakuna aliyemjulisha mapema aifunike au aihamishe. Hapa ndipo hasara ya kuchelewa inapojificha: tunutu wakiwahiwa jangwani, dawa hutumika kidogo, mbali na mizinga na visima, tukiwangoja wapate mabawa, tunamwaga sumu juu ya vichwa vyetu. Na mpaka leo hajalipwa fidia ya ndengu wala ya nyuki. Mpango wowote wa kimataifa ambao hauna fungu la mtu kama yeye umekosa mtu wa mwisho katika mnyororo, ambaye ndiye anayebeba hasara.

Makundi yaliisha. Kusi lilipoanza kuvuma mengine yaligeukia kaskazini, na kufikia mwaka 2022 janga lilikuwa limetulia. Tangu hapo sijaona ada za DLCO zikitajwa na mwanasiasa yeyote jukwaani. Mwaka huu wa bajeti, mwulize mbunge wako kama nchi yako imelipa. Mimi nimemwandikia wangu mara mbili.

Mjomba alipanda tena, ndengu hizohizo. Kila mwaka Desemba inapokaribia na kaskazi linaanza kupiga, hunipigia simu. Huulizia watoto, huulizia kazi, kisha hunyamaza kidogo.

"Mpwa wangu, hebu nitazamie kwenye simu yako. Huko Oman kumenyesha?"