Jogoo wa laki tatu

Jumapili ya mavuno nilipiga makofi kama wengine. Naanza na hilo, msije mkasema najifanya mtakatifu. Mnada ulikuwa nje ya kanisa, jogoo ameshikwa miguu kichwa chini, mnadi anaimba bei, na bei ikapanda mpaka shilingi 300,000. Jogoo ambaye sokoni ukimpata kwa elfu thelathini umeibiwa. Aliyemnunua akamrudisha anadiwe tena, vigelegele vikapigwa, kwaya ikaingia, na mchungaji akasimama na Mithali 3:9: "Mheshimu BWANA kwa mali yako, na kwa malimbuko ya mazao yako yote." Akaomba mtumishi yule ghala zake zijae kwa wingi.

Amina ikanikwama kooni. Ghala za mtumishi yule nilikuwa nimeziona zikijazwa Jumatano ya wiki ile ile, shambani kwa mama yangu.

Nilikuwa likizo, nyumbani Njombe, viazi vimeshang'olewa na kurundikwa pembeni ya nyumba. Jamaa akafika na Fuso na vijana wanne. "Kamwene, mama." Akauliza habari za wajukuu, akauliza mguu wa mama unaendeleaje, kwa kweli ni mtu wa watu. Kisha akasogea kwenye rundo, akaokota kiazi kimoja, akakigeuzageuza kama daktari.

"Mama, hivi havifai. Vidogo. Vina mikwaruzo. Dar siku hizi wanataka viazi vya chipsi, hivi nani atavinunua? Na barabara yenyewe ndiyo hii."

Wakakubaliana elfu sitini kwa gunia. Gunia lenyewe analeta yeye. Vijana wake wakaanza kujaza, wakashindilia, gunia likafika mdomoni, wakaongeza, wakashonea kipande cha nyavu juu, wakaongeza tena, mpaka gunia likaota mabega na kichwa. Ndiyo lumbesa hiyo. Mama akasema taratibu, "Baba, hilo si gunia tena." Jamaa akacheka. "Mama, wenzako wote wamejaza hivi hivi."

Magunia 40. Wakati yanapakiwa, yeye akazunguka nyuma ya choo kupiga simu, akisahau kwamba ukuta wa choo cha kijijini ni mabanzi. Nilimsikia vizuri kabisa: "Nimeokota mzigo hapa, mzigo msafi, saizi ya chipsi yote!"

Sasa fungua Mithali 20:14. "Haifai kitu, haifai kitu, asema anunuaye, lakini akiisha kwenda zake hujisifu." Nimelelewa kanisani, mstari ule nimeusoma mara nyingi na kuupita, nikidhani ni kichekesho kimejipenyeza kwenye maandiko. Siku ile nikaamini kwamba aliyeuandika aliwahi kusimama nyuma ya choo cha mama yangu.

Fuso ilijaa, gunia moja likabaki. Nikaenda nalo kwenye mashine ya kusaga, wana mizani ya jukwaa. Kilo 138. Gunia halitakiwi kuzidi 100. Kwa hiyo kilo 38 za bure kila gunia, mara 40, ni kilo 1,520. Magunia kumi na tano na ushee ambayo mama alipanda, akapalilia, akapiga dawa, akalipa vibarua wa kung'oa, na hakulipwa hata senti. Kwa bei yao wenyewe ni zaidi ya laki tisa.

Majogoo watatu, kwa bei ya Jumapili.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na wala si ugomvi na mchungaji. Hakuwepo shambani. Ugomvi wangu ni na namna tunavyosoma kitabu hiki. Mithali tumeigeuza mtungi wa ahadi: unaingiza mkono, unatoa ghala zilizojaa, unarudisha mfuniko. Mizani hatuitaki. Lakini mizani imo, na imerudiwa kama mzazi anayejua mtoto wake hasikii. Sura ya 11 inaanza nayo: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Sura ya 16 inasema hata mawe ya kupimia yaliyomo mfukoni ni kazi yake Mungu. Sura ya 20 inaitaja mara mbili, mstari wa 10 na wa 23, na katikati ya hiyo miwili ndipo kalala yule mnunuzi wa "haifai kitu". Ukifika 15:8 neno lile lile, chukizo, limehamia kwenye sadaka ya mtu mwovu. Lumbesa na bahasha ya sadaka vimewekwa kwenye kapu moja. Hilo sijalisikia likihubiriwa siku ya mavuno, na naelewa kwa nini. Mnada ungelala.

Wanaosema "hayo ni mambo ya biashara, imani ni imani" wanieleze Mungu alikuwa anafanya nini ndani ya mfuko wa mfanyabiashara, akikagua mawe. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kubeba mawe mawili, kubwa na dogo. Kwa nini mawili? Kubwa la kununulia, dogo la kuuzia. Tafsiri yake ya leo ni rahisi: lumbesa unaponunua Njombe, na sado, lile kopo la kupimia, iliyobonyezwa kitako unapouza mjini. Mkulima analia huku, mama wa mtaani analia kule, katikati kuna mtu anatoa ushuhuda kwamba Bwana amemtendea makuu.

Na tusisingizie kwamba watu wa zamani walikuwa wabaya kuliko sisi. Mithali 25:1 inasema mithali zinazofuata hapo zilinakiliwa na watu wa Hezekia, mfalme wa Yuda. Mika naye alitabiri mpaka siku za Hezekia, na sura yake ya sita inalia juu ya mizani ya udhalimu na mfuko wa mawe ya udanganyifu. Yaani waandishi wa mfalme wanakopi mithali kwa mwandiko mzuri, na huko mjini mawe mawili yanaendelea kuzunguka mifukoni. Kunakili tumekuwa hodari siku zote. Sisi tunanakili kwenye kioo cha Fuso. Ya jamaa yetu imeandikwa "Mtumaini Bwana".

Haya, niwe muungwana, ingawa moyo hautaki. Lumbesa haikuletwa na tamaa ya mtu mmoja. Usafiri unahesabiwa kwa gunia, ushuru unahesabiwa kwa gunia, upakiaji unahesabiwa kwa gunia. Ukihesabiwa kwa gunia utalinenepesha gunia, hata mimi ningelinenepesha. Na anayekataa kushindilia anashindwa bei na wanaoshindilia. Sheria ya vipimo ipo, Wakala wa Vipimo upo tangu 2002, lumbesa inapigwa marufuku kila msimu, lakini afisa hawezi kusimama kila shamba. Wakenya nao mwaka 2019 waliandika kanuni kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Karatasi hazikosekani.

Na wakulima nasi tuna zetu. Nikiwa mtoto kazi yangu ilikuwa kuweka vile vidogo katikati ya gunia, vikubwa chini na juu, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilipomkumbusha mama juzi alinyamaza, kisha akasema kwamba kama wao wanashindilia, sisi tufanye nini. Ndiyo, mama yangu. Kiongozi wa umoja wa wanawake. Nampenda, lakini jibu hilo ndilo lile lile la "wenzako wote wamejaza hivi hivi", limevaa kitenge.

Mimi? Wiki iliyopita hapa Dar nilimwambia dada wa nyanya kwamba nyanya zake zimelainika, akanipunguzia mia tano, nikafika nyumbani nikamwambia mke wangu, "Ona nyanya nilizopata." Mke wangu, ambaye habari ya Njombe alikuwa ameshaisikia mara tatu, alinitazama tu.

Kuna mengine ya kitabu hiki ningeyataja kama nisingekuwa na hasira. Ile ya 27:14, ambarikiye rafiki yake kwa sauti kuu alfajiri na mapema inahesabiwa laana, ningependa ibandikwe kwenye spika fulani za mtaani kwetu. Mithali 31 tunawasomea mabibi harusi kuanzia mstari wa 10, ila mistari ya juu yake, ambapo mama anamwonya mwanawe mfalme aache pombe na awatetee wasio na sauti, bwana harusi anaponea. Na 25:20, kumwimbia nyimbo mtu mwenye moyo mzito ni kama kuvua nguo wakati wa baridi. Waliowahi kufiwa wanajua.

Lakini turudi kwenye viazi. Kabla ya kuondoka nilinunua mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano, nikaifunga kwenye boriti ya banda, nikamfundisha mama kusoma namba. Alikuwa bado na robo eka ya upande wa bondeni haijang'olewa. Nikamwambia auze kwa kilo, na vile vidogo avitenge peke yake, bei yake. Kwenye hilo la vidogo aliguna, akakubali.

Amenipigia simu jana. Jamaa alifika, Fuso ile ile, kamwene ile ile. Akaiona mizani. Hakukasirika, kwa kweli alihuzunika, mama anasema uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetukanwa. "Mama, ina maana huniamini? Si tunasali wote?"

Mama akamwambia, "Kusali tunasali wote, baba. Pandisha gunia."

Hakupandisha. Amenunua kwa jirani.

Viazi vya mama viko bandani, vikubwa vimetengwa na vidogo vimetengwa. Anayehitaji aniambie. Tunauza kwa kilo.