Mwalimu, Iache Simu ya Mwanafunzi

Mafunzo ya mitandao kwa watu wazima huharibikia mkononi mwa mwalimu. Mama amekwama, mwalimu anachukua simu, anabonyeza mara tano, anairudisha: "Tayari, mama." Tayari kwa nani? Kesho akikwama atatafuta kijana mwingine amshikie, na si kila kijana ana nia njema.

Kwangu mimi projekta ibaki ofisini. Wakae watu wanane hivi, kila mmoja na simu yake. Anzeni na bando, maana ndilo linalouma. WhatsApp ikiachwa ipakue video yenyewe, kundi moja la harusi linamaliza MB za wiki. Aingie Mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, aondoe alama za picha, sauti na video kwenye data ya simu. Bando likidumu, atakusikiliza kwa yanayofuata.

Yanayofuata ni PIN ya uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri anayojiwekea mtu ili WhatsApp yake isisajiliwe na mwingine, ndani ya Akaunti, na hapa ndipo panapovurugika zaidi. Mwalimu mwenye haraka huwapa wote PIN moja, au huweka barua pepe yake pale inapoombwa ya kurejeshea PIN, kwa kuwa mama hakumbuki ya kwake. Anayesahau PIN bila barua pepe husubiri siku 7 kabla ya kuibadilisha. Barua pepe ikiwa ya mwalimu, basi mwalimu ndiye mwenye ufunguo. Afadhali kipindi kizima kiishie kwenye kufungua barua pepe ya mama mwenyewe. Tena PIN hiyo ina tarakimu 6, sawa na namba inayokuja kwa SMS wakati wa kusajili WhatsApp, na watu huzichanganya. Zote mbili hazisomewi mtu, hata anayejiita shemeji.

Kuhusu uvumi, wengi hufundisha mishale miwili inayoonyesha ujumbe umesambazwa mno, wakaishia hapo. Mishale haisemi kama habari ni kweli, na mtu akinakili maneno na kuyabandika upya, inatoweka. Fundisheni kumpigia mhusika. Ikija "ile hela tuma kwenye namba hii", apige namba aliyokuwa nayo tangu zamani, siyo iliyoandika. Kwa Tanzania, namba ya tapeli inatumwa 15040, na *106# inaonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Hii ya mwisho huwashtua wengi darasani.

Vyeti visigawiwe siku hiyo. Rudini baada ya wiki mbili, mwambieni kila mmoja abadilishe PIN yake mbele yenu, mikono ya mwalimu ikiwa mfukoni.