Filamu Bora ya Vita: Dakika 24 za Omaha Hazitoshi

Kila ubishi kuhusu filamu bora ya vita ukianza, Come and See ya mwaka 1985, ya mwongozaji wa Kisovieti Elem Klimov, huondolewa mapema kwa hoja moja: haina vita ndani yake. Hakuna ufuo unaovamiwa, hakuna daraja linalotetewa. Kuna mvulana wa Belarusi mwaka 1943, Flyora, anayefukua bunduki mchangani na kujiunga na wapiganaji wa msituni wanaopambana na Wajerumani, kisha kwa saa mbili na dakika 22 karibu haitumii. Wanaoikubali husema ni kazi kubwa lakini ni mateso tu, ya kutazama mara moja na kuachana nayo. Kombe hupewa Saving Private Ryan ya Steven Spielberg, na sababu inayotolewa ni ule mwanzo wa Omaha, ufuo wa Ufaransa ambako Wamarekani walitua Juni 6, 1944.

Spielberg apewe haki yake kwanza, maana ni kubwa. Ndani ya kamera ya filamu kuna sahani inayozunguka, ambayo wapiga picha huiita shata, na uwazi wake wa kawaida ni nyuzi 180. Kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, uwazi huo huipa kila fremu mwanga kwa 1/48 ya sekunde. Mtu akikimbia katika muda huo, mikono yake huacha ukungu kidogo kwenye picha, na ukungu huo ndio unaofanya jicho lione mwendo laini. Mpiga picha Janusz Kamiński aliubana uwazi hadi nyuzi 90 na 45, yaani 1/96 na 1/192 ya sekunde. Ukungu ukatoweka. Mchanga unaorushwa na bomu unaonekana chembe kwa chembe, na askari wanakwenda kwa kukatika-katika kama watu ambao mwili umekataa kuwatii. Bei yake ni mwanga: nyuzi 45 hubakisha robo tu ya ule wa kawaida. Kamiński aliondoa pia utando wa kinga kwenye lenzi ili mwanga usambae ovyo, na rangi zikafifishwa maabara. John Williams, aliyetunga muziki wa filamu, hakuweka hata noti moja juu ya mapigano ya ufukweni. Mtazamaji anaachwa na risasi, maji na vilio.

Wengi wameiga ule mkato wa picha bila kujua kwa nini ulifanya kazi. Pale Omaha ulikuwa na maana kwa sababu kamera nayo ilikuwa imelala chini, haijui risasi inatoka wapi. Ukiuchukua ukaupeleka kwenye pambano ambalo kamera inaona kila kitu kutoka juu, unabaki urembo tu, na miaka ya mwanzoni mwa 2000 tulishibishwa urembo huo.

Lakini sehemu hiyo ni takribani dakika 24 katika filamu ya dakika 169. Hiyo ni kama asilimia 14. Zilizobaki ni hadithi ya kazi maalumu ya mtindo uliozoeleka tangu zamani: Kapteni Miller na watu wake saba, kila mmoja na tabia yake, safari ya kumtafuta askari mmoja, daraja la mwisho katika mji wa kubuni wa Ramelle, na ndege za Marekani zinazotokea dakika ambayo kila kitu kinaelekea kupotea. Anayeipigia kura filamu hii ajaribu kuitazama kuanzia dakika ya 30. Ni filamu nzuri. Bora kuliko zote? Hapo ndipo wengi huishiwa na maneno wakarudi ufukweni.

Kuna jambo zito zaidi, na ajabu ni kwamba halizungumzwi sana. Katikati ya filamu, kikosi kinamkamata askari wa Kijerumani, na baada ya mabishano makali Miller anamwachia aende zake. Askari huyohuyo anarudi kwenye pambano la mwisho, na risasi yake ndiyo inayompata Miller. Kisha Upham, yule mkalimani mwoga aliyemtetea mateka, anamuua kwa mkono wake, na filamu inatuletea tendo hilo kama kukua kwake. Spielberg hakulazimika kuipanga hivyo; askari yeyote mwingine angeweza kufyatua ile risasi. Somo linalobaki ni kwamba huruma ilikuwa kosa la hesabu.

Mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut aliwahi kusema kwamba hajaona kwa kweli filamu inayoipinga vita, kwani kila filamu ya vita huishia kuitukuza. Wapo wanaoona ametia chumvi, ila ushahidi wake haupatikani kwa shida. Apocalypse Now ya mwaka 1979 ilitengenezwa na Francis Ford Coppola kama picha ya wazimu wa Marekani kule Vietnam, na shambulio la helikopta linaloongozwa na muziki wa Wagner, mtunzi wa Kijerumani, lilikusudiwa kutisha na kukebehi kwa pamoja. Katika Jarhead ya mwaka 2005, iliyotokana na kumbukumbu za mwanamaji wa Marekani, vijana wanaosubiri kupelekwa vitani wanaoneshwa sehemu hiyohiyo na wanaishangilia kwa kuimba. Walichoona ni kasi na nguvu, na picha kweli ilikuwa imewapa kasi na nguvu.

Klimov aliziba mlango huo kwa makusudi, na hapa ndipo wakosoaji wake wanapomsoma vibaya. Ukosefu wa mapigano ndio mbinu yenyewe. Tazama sehemu ambayo Flyora anarudi kijijini kwao akiwa na msichana Glasha. Nyumba ni tupu. Supu bado ina joto. Wanasesere wa dada zake wamepangwa sakafuni, na nzi wamejaa kupita kiasi. Mvulana anasisitiza kuwa watu wamekimbilia kisiwani kwenye kinamasi, anatoka mbio, na kamera inamfuata. Glasha anageuka nyuma mara moja tu, na kwa muda mfupi sana tunaona alichokiona: miili imerundikwa nyuma ya nyumba. Flyora hakugeuka. Hakuna muziki wa kukuonya wala kamera inayosogea karibu. Mwongozaji mwingine angekaa pale nusu dakika.

Kabla ya hapo mabomu yamemharibu kijana masikio, na kwa muda mrefu tunasikia kama anavyosikia yeye: mlio mwembamba usiokoma, sauti za watu zikija kama kutoka chini ya maji. Spielberg naye alitumia njia hiyo kwa Miller pale Omaha, miaka 13 baadaye, kwa muda mfupi tu kisha akaturudishia masikio yetu. Klimov haturudishii upesi. Aleksei Kravchenko, kijana ambaye hakuwa mwigizaji, aliigiza kwa mfuatano wa hadithi tangu mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana uso wake unachakaa mbele yako bila mkato unaoonekana. Risasi za kweli zilitumika katika baadhi ya sehemu; leo isingeruhusiwa, na ni sawa isiruhusiwe.

Mwishoni maandishi yanatokea: vijiji 628 vya Belarusi vilichomwa pamoja na wakazi wake wote. Watu huisoma namba hiyo wakiwa tayari wamechoka, ikapita. Haifai ipite. Minsk, mji mkuu wa Belarusi, iliangukia mikononi mwa Wajerumani Juni 28, 1941 na ikakombolewa Julai 3, 1944, siku 1,101. Gawanya, upate kijiji kimoja kwa kila siku mbili kasoro, kwa miaka mitatu. Khatyn, ambacho leo ni mahali pa kumbukumbu ya taifa, kilichomwa Machi 22, 1943, wakafa watu 149, kati yao watoto 75. Hicho ni kimoja. Au hesabu kwa njia nyingine: filamu inaonesha kuchomwa kwa kijiji kimoja na kutumia dakika 142 kwa hadithi nzima. Kila kijiji kikipewa filamu ya urefu huohuo, ungetazama karibu siku 62 mchana na usiku bila kufumba jicho. Anayelalamika kwamba Klimov ametia chumvi afanye hesabu hiyo kwanza. Mwandishi mwenza, Ales Adamovich, alikuwa mpiganaji wa msituni akiwa kijana, na baadaye yeye na wenzake walizunguka vijijini na kinasa sauti wakikusanya maneno ya walionusurika. Mengi yanayoonekana kama jinamizi ndani ya filamu yana mizizi kwenye ushuhuda huo.

Pingamizi la propaganda lina uzito kiasi. Filamu ilitolewa katika maadhimisho ya miaka 40 ya ushindi, maovu ya wapiganaji wenyewe hayaguswi, na kamanda wa Kijerumani mwenye mnyama mdogo wa macho makubwa begani amechorwa kwa brashi nene. Hapo Klimov amepungukiwa. Lakini wakaguzi wa serikali ya Kisovieti yenyewe ndio waliouzuia mradi wake kwa miaka kadhaa, jambo ambalo halifanywi kwa propaganda tiifu. Na wanaosema hivyo wakumbuke kwamba katika Saving Private Ryan Waingereza hutajwa kwa kejeli fupi dhidi ya jenerali wao Montgomery, basi.

Sasa linganisha suala la mateka. Kwa Klimov nao wanakamatwa, Wajerumani na wasaidizi wao wa Kisovieti, na Flyora ndiye aliyeleta petroli ya kuwachomea. Wanapigwa risasi kabla moto haujawashwa. Kisha anakuta picha ya Hitler kwenye dimbwi na ndipo anapoanza kufyatua. Kila risasi inarudisha historia nyuma: majengo yanasimama tena, umati unatawanyika, Hitler anakuwa kijana, kisha mtoto mchanga kwenye mapaja ya mama yake. Bunduki inasita. Mvulana ambaye ana sababu zote za kufyatua hafyatui.

Anayetaka kuipima Come and See kwa haki ajihadhari na nakala. Fremu yake ni ya uwiano wa 1.37 kwa 1, karibu mraba, ili nyuso zijae. Nakala iliyokatwa kutoshea skrini pana hupoteza karibu robo ya kimo cha picha, na kinachokatwa ni vipaji vya nyuso na videvu, yaani mahali filamu inapoishi. Tafuta ile iliyosafishwa na Mosfilm, studio ya filamu ya Moscow, mwaka 2017. Sauti iwe ya asili na maandishi ya tafsiri chini. Sauti ya mtafsiri ikipachikwa juu, ule mlio wa masikioni unafunikwa na saa ya kwanza inageuka kuwa kitu kingine.

Mpinzani wa kweli wa Come and See ni The Battle of Algiers ya Gillo Pontecorvo, ya mwaka 1966, iliyopigwa ndani ya Kasba yenyewe, mji mkongwe wa Algiers, na Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi wa mapambano ya Waalgeria dhidi ya Wafaransa, akiigiza nafasi iliyotokana na maisha yake. Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, iliionesha mwaka 2003 ili maofisa wajifunze. Kama kipimo ni kueleza jinsi vita inavyoendeshwa, bomu kwa bomu na mateso kwa mateso, Pontecorvo anashinda. Kama kipimo ni kueleza vita inamfanya nini aliye ndani yake, ni Klimov, na hicho cha pili ndicho ninachokitumia. Spielberg anabaki na nafasi ya tatu na dakika zake 24, ambazo hakuna aliyezifikia.