Bando na gemu haviendani
Jana usiku naongoza 2–1 kwenye eFootball, gemu ya mpira ya mtandaoni, dakika ya 88, picha ikaganda. Iliporudi, mpira uko wavuni kwangu. Inaniuma kwa sababu bando ninalo, tena gigabaiti tano! Wauza vifurushi wanatangaza kasi tu, wakati gemu haihitaji kasi kubwa. Inahitaji data iende na kurudi upesi, bila kuyumba. Ikifika saa 2 usiku mtaa mzima unagombania mnara mmoja, pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, inaruka kutoka milisekunde 60 hadi 400. Rafiki yangu wa mtaa wa pili ana faiba, intaneti ya waya, anacheza mpaka usiku wa manane bila kukwama. Kwetu waya haujafika. Tumeomba mara tatu, jibu ni lile lile: subirini. Tusubiri mpaka lini?